Jirani Aliyechapa Picha Kwenye Barua

Tulipohamia Kilburn, mtaa wa London, kitu cha kwanza nilichokijua kuhusu jirani yetu wa chini kilikuwa mlio. Karibu kila asubuhi, chumba kilichokuwa chini ya sebule yetu kilitoa sauti ya chuma kizito kikizungushwa polepole, kisha kimya, kisha sauti ileile tena. Mume wangu ni muuguzi, na wakati ule alikuwa kwenye zamu za usiku, kwa hiyo asubuhi ndiyo ilikuwa saa yake ya kulala. Alivumilia wiki mbili. Ya tatu akaniambia, "Shuka wewe ukaongee naye. Mimi nikishuka tutagombana."

Nikashuka. Mlango ulifunguliwa na mama mmoja mrefu wa Kizungu, mtu wa miaka sabini na kitu, nywele nyeupe zimekatwa fupi kama za mwanafunzi wa bweni, aproni imejaa wino mweusi. Kabla sijamaliza salamu akasema, "Ni mashine. Samahani sana. Ingia uione. Mtu akikiona kile kinachompigia kelele, hasira hupungua."

Alikuwa mchoraji kutoka Ubelgiji. Zamani alipaka rangi za mafuta kwenye turubai, lakini kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa kuchapa picha. Alinionyesha siku ile ile, kama vile nilikuwa nimeomba. Alichukua bamba la shaba lililopakwa nta, akachora juu ya nta kwa sindano, akaeleza kwamba bamba likitumbukizwa kwenye tindikali, tindikali itakula pale tu sindano ilipopita. Baadaye wino hujazwa kwenye michirizi, karatasi iliyoloweshwa hulazwa juu ya bamba, blanketi nene la sufu juu ya karatasi, na vyote hupitishwa katikati ya magurudumu mawili ya chuma. Huo ndio uliokuwa mlio wetu. Alipoifunua karatasi niliona kona ya barabara yetu, ile yenye duka la kinyozi, milango ya bati imeshushwa, na maji ya mvua yamesimama kando ya barabara. Nilikuwa nimepita hapo nusu saa kabla.

Tulikubaliana aanze kazi saa nane mchana. Hakuwahi kuvunja ahadi hiyo.

Aliniambia nimwite kwa jina lake. Nilishindwa. Kumwita mtu wa umri wa mama yangu jina tupu, hata kwa Kiingereza, ulimi ulikataa. Nikawa namwita Mama, akaniuliza maana yake, nikamweleza.

"Sina mtoto," akasema.

"Haihitaji mtoto."

Akafikiri kidogo, akasema basi sawa.

Hayo yalikuwa miaka kadhaa kabla ya Uingereza kuamua kutoka Umoja wa Ulaya. Uamuzi ulipopita, ikatangazwa kwamba hata Wazungu wa Ulaya wanaoishi hapa, waliokuja bila viza na bila kupanga foleni popote, sasa walitakiwa kuomba kibali cha kuendelea kukaa. Nakumbuka siku mama yule alipokuja mlangoni kwetu na kijikaratasi cha matangazo alichopewa maktaba, amekishika kwa ncha za vidole kama kitu kilichooza.

"Wananiambia niombe," alisema. "Nimekaa mtaa huu tangu kona ile ikiwa duka la samaki. Huyo atakayesoma ombi langu alikuwa hajazaliwa. Siombi."

Nilimpa pole. Aliposhuka, mume wangu aliyekuwa anapasi sare yake akanitazama, akasema, "Na wao waonje kidogo." Kisha akacheka kile kicheko chake kikubwa. Na mimi nikacheka.

Naandika jambo hili kwa sababu kwa muda mrefu nilijifanya sikucheka.

Inabidi nieleze kicheko kile kilitoka wapi. Nilikuja London kusoma, nikakaa, na miaka yangu ya mwanzo niliipima kwa safari za Croydon, kwenye lile jengo kubwa la uhamiaji. Unashuka kwenye treni na faili kifuani, unakaa kwenye viti vilivyofungwa sakafuni, unasubiri namba yako. Mara moja mashine ya alama za vidole ilikataa kunisoma. Nilikuwa nafanya usafi wa ofisi alfajiri kabla ya masomo, na dawa za kusafishia zilikuwa zimenilainisha ncha za vidole. Msichana wa dirishani alikuwa mpole, alinipa kitambaa nijifute, tukajaribu mara tano, mara sita. Watu nyuma yangu wakaanza kukohoa. Niliona aibu kana kwamba nimekamatwa na kosa, kwamba hata vidole vyangu havinijui. Tangu siku ile situpi karatasi. Barua za benki, za umeme, za daktari, za shule, nimezipanga kwa mwaka kwenye mifuko ya plastiki chini ya kitanda. Mume wangu husema nyumba ikiungua nitaokoa mifuko kabla yake.

Kwa hiyo nilipomwona mama wa Kizungu akisema "siombi," kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuombeshwa kitu, kuna sehemu ndani yangu ilifurahi. Haikuwa sehemu kubwa. Lakini ilikuwepo, na niliijua.

Miezi ikapita. Hakuomba, na mimi sikumsukuma. Halafu alasiri moja nilirudi kutoka kazini, nikamkuta ameketi kwenye ngazi za nje bila koti. Mimi ni mhudumu wa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Nimezoea kumtambua mtu aliyepata habari mbaya kabla hajafungua mdomo. Nikakaa kando yake.

"Dada yangu amepata kiharusi," akasema. "Wananiambia nije nimwone."

"Basi nenda, Mama. Tutakuangalizia nyumba."

"Na nikizuiwa kurudi?"

Nikamwambia sidhani kama wangemzuia, kwamba siku ya mwisho ya kuomba ilikuwa bado mbali. Lakini nilijua hofu ile haisikii maelezo. Mimi mwenyewe nilikosa mazishi ya baba yangu huko Singida kwa sababu pasi yangu ya kusafiria ilikuwa Croydon. Hakuna aliyeniambia nisiende. Niliogopa tu, nikabaki, nikalia chooni kazini.

"Njoo ndani," nikamwambia. "Tunaomba leo."

Tuliomba kwa simu yangu. Ilibidi simu ipige picha pasi yake, kisha ipige picha uso wake huku kioo kikibadilika rangi. Ilimwambia asogee, arudi nyuma, atulie. Mwanamke aliyekuwa ametazama vitu kwa makini maisha yake yote hakujua afanye nini na uso wake. Alikunja midomo, akaambiwa aanze upya.

"Wewe pia ulifanya hivi?" akaniuliza.

Nikamsimulia habari ya vidole. Alisikiliza, kisha akanyoosha vidole vyake mwenyewe juu ya meza. Ncha zilikuwa laini na zinang'aa, zimeliwa na tindikali na kufuta wino kwenye mabamba kwa miaka. "Hata mimi mashine ingenikataa, ningekukalisha foleni," akasema. Hatukucheka.

Jibu la kwanza la mtandao lilikuja saa ileile: taarifa zake hazikutosha kuonyesha kwamba ameishi Uingereza miaka mitano mfululizo. Hakuwahi kuajiriwa. Mumewe, Mwingereza aliyekuwa mwalimu, ndiye aliyekuwa na kila kitu kwa jina lake, na yeye alikuwa ameuza picha zake mojamoja kwa watu waliobisha hodi. Baada ya mume kufariki barua zilianza kuja kwa jina lake. Sasa zilitakiwa barua hizo, za kila mwaka, zenye jina, anwani na tarehe.

"Ziko wapi?" nikauliza.

"Sihifadhi barua."

Nikaweka simu mezani. "Hata moja?"

"Nikishasoma, barua ina kazi gani?"

Tungeweza kuandika kuomba nakala kwa watu wa maji, wa umeme, wa halmashauri. Lakini nakala zingechukua wiki, na hakuna aliyejua dada yake ana wiki ngapi. Nikashuka naye kwake tutafute angalau bili moja iliyosahaulika kwenye droo.

Hapakuwa na bili kwenye droo za jikoni. Nikiwa nimesimama chumba cha mashine nimeshika kiuno, nikaona picha zilizoning'inizwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Dirisha lilikuwa nyuma yake, na kwenye moja mwanga ulipenya karatasi. Nyuma ya picha ya kona yetu kulikuwa na mistari ya maandishi, imenyooka mno kuwa mchoro. Nikaigeuza. Ilikuwa barua ya kampuni ya maji, jina lake juu kushoto, anwani na tarehe.

"Mama, hii nini?"

"Hiyo si picha kamili. Ni ya majaribio. Kabla ya kutumia karatasi ya bei, najaribu bamba kwenye karatasi yoyote."

"Karatasi yoyote!"

"Barua za serikali ni nzuri sana," akasema kwa unyofu kabisa. "Nene, na hazichaniki zikilowa."

"Na hizi za majaribio, huwa unazitupa?"

Akaniangalia kana kwamba nimemtukana. Akafungua kabati refu lenye droo bapa. Zilijaa hadi juu.

Jumamosi nzima tuliipitisha sakafuni. Nilikuwa nachukua picha, naigeuza, nasoma tarehe, naiweka kwenye fungu la mwaka wake. Nyingine nyuma zilikuwa tupu, nyingine zilikuwa bahasha zilizofunguliwa na kunyooshwa, nyingine wino ulikuwa umevuja ukafunika jina. Lakini zilizosomeka zilitosha na kubaki: kodi ya halmashauri, kliniki ya macho, mita ya gesi, uchaguzi wa madiwani. Yeye alikaa kwenye stuli akifuatilia mikono yangu. Kisha nikasikia sauti yake.

"Unazilaza kifudifudi."

"Ndicho wanachohitaji, Mama. Nyuma."

"Najua." Akanyoosha mkono. "Basi usizilaze mpaka niziangalie."

Ikabidi twende mwendo wake. Kila picha aliishika kwanza, akaniambia ni nini, ndipo alipoiachia niigeuze. Hivyo ndivyo nilivyoyajua maisha yake, kwa mpangilio ambao haukuwa mpangilio.

Kila Januari alichora kona ileile. Duka la samaki sikulikuta. Nilianzia kwenye duka la simu, likafuata la mawigi, likawa tupu mwaka mzima na mbao dirishani, likawa la kinyozi. Watu hawamo. Nilimuuliza kwa nini haweki watu. Akasema alipofika London na mumewe hakumjua mtu, na asubuhi moja kabla maduka hayajafunguliwa alitembea barabara nzima na kwa mara ya kwanza hakujiona mgeni, kwa sababu hapakuwa na mwenyeji.

Kulikuwa na masinki ya jikoni, mashuka kwenye kamba, viatu vya marehemu mumewe alivyochora kwa mwaka mzima baada ya mazishi, vimechakaa upande mmoja kwa sababu alichechemea. Vile alivitazama kwa muda, akanipa mwenyewe kifudifudi.

Na kwao je? Alizaliwa mji mdogo kandokando ya mto, kaskazini mwa Ubelgiji, mahali watu walipolima kitani, mmea ambao nyuzi zake hufumwa nguo. Kitani kilivunwa na kulowekwa mtoni mpaka kioze, na harufu yake, alisema, iliingia hata kwenye mkate. Baba yake alifanya kazi hiyo, na mama yake, na dada yake mkubwa aliyeacha shule ili mdogo asome sanaa mjini. Picha zake za kwanza, zile za rangi za mafuta, zote zilikuwa za wanawake wa kitani wameinama mtoni. Hakuja nazo Uingereza. Alimwachia dada.

"Alizipenda?" nikauliza.

"Alisema mikono nimeichora mikubwa mno. Tukagombana. Nikaolewa, nikaondoka. Tuliandikiana kila Krismasi." Akafuta kitu ambacho hakikuwepo kwenye aproni yake. "Kadi zake nazo nimechapia, nadhani."

Kweli, nilizikuta mbili. Hizo sikuziweka kwenye fungu lolote; nilimpa, akaziweka mfukoni.

Jioni ilipokaribia nilikuwa nimepiga picha kurasa zote zilizohitajika na kuzituma. Alitengeneza kahawa nzito, tukanywa tumekaa chini katikati ya mafungu. Sijui kilichonisukuma. Labda ni vile viatu. Nikasema, "Mama, siku ile ulipokuja na lile tangazo, sisi tulicheka. Nilifurahi kidogo. Nataka ujue."

Nilitarajia anyamaze, au aseme si kitu, kama Waingereza. Akasema, "Nilijua. Mumeo anacheka hadi huku chini. Maneno siyaelewi, lakini kicheko nakielewa."

"Nisamehe."

"Nilikasirika siku nzima. Halafu nikajiuliza, wewe ulikuwa unakwenda wapi na yale mafaili miaka yote ile? Nilikuona dirishani ukitoka umeyakumbatia. Sikukuuliza hata mara moja." Akaweka kikombe sakafuni. "Nilidhani ni mambo yenu."

Tulikusanya picha, safari hii tukizipanga uso juu.

Kibali kilikuja kwa imeili siku chache baadaye. Nilishuka mbio kumsomea. Alisikiliza hadi mwisho, akaniomba nirudie, kisha akauliza, "Karatasi yenyewe inakuja lini?"

"Haiji. Ni hii hii ya kwenye mtandao."

"Hawatoi karatasi?"

"Hawatoi."

Alikaa kwenye stuli, akaanza kucheka polepole, mabega yanatikisika, mpaka akajifuta macho kwa mkono wenye wino na kujipaka weusi shavuni. "Yaani hata ya kuchapia sipati," akasema.

Aliondoka Jumanne kwa treni ile inayopita chini ya bahari. Mume wangu alimbebea begi mpaka kituoni, na njiani, alivyonisimulia, wote wawili walizungumzia maumivu ya magoti tu. Alikaa Ubelgiji siku kumi na mbili. Aliporudi alikuwa amekonda na hakuwa na haraka ya kuzungumza, kwa hiyo nilimwacha. Siku ya nne nilisikia mashine. Ilikuwa saa nane kamili. Nikampelekea supu.

Dada yake hakuweza kusema tena. Alimtambua au hakumtambua, hilo hakuwa na hakika nalo. Siku nyingine alimshika mkono, siku nyingine aligeukia ukuta. Ukutani juu ya kitanda chake, kwenye kituo cha wazee alikolazwa, ulikuwa umening'inizwa mchoro mmoja wa wanawake wa kitani. Wahudumu walimwambia mama yule kwamba dada alikataa kulala pale mpaka ule mchoro ulipofika.

"Na mikono?" nikauliza.

"Ni mikubwa mno," akasema. "Alikuwa sahihi."

Kwa kuwa hapakuwa na mazungumzo, alikuwa amekaa siku zote kumi na mbili akimchora. Kwenye bamba jipya kulikuwa na uso wa mwanamke mzee amelala ubavu, mdomo umeshuka upande mmoja, sikio kubwa lililokunjamana kama kipande cha tangawizi. Ulikuwa uso wa kwanza niliowahi kuuona katika kazi zake. Aliniambia mikono yake imechoka, nimsaidie kuzungusha gurudumu. Nilizungusha. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na mara ya kwanza nilisimama katikati, nikaharibu. Hakukasirika. Tulirudia.

Dada alifariki miezi michache baadaye, na mama alikwenda kumzika, akarudi. Anaendelea kuishi hapo chini. Jumapili baada ya kanisa hunikaribisha, ananipa kipande cha bamba na sindano, ananifundisha. Mimi si mchoraji. Michirizi yangu inayumba kama ya mtu aliye kwenye basi. Jumapili moja aliniambia nimchore mtu ninayemjua sana bila kuwa na picha yake mbele yangu, nikasema basi dada yangu mkubwa aliyeko Singida, aliyenibeba mgongoni. Nikaanza vizuri, paji la uso, kilemba, mashavu. Nikafika kwenye sikio, nikakwama. Limebana kichwani au limechomoza? Ndewe ndefu au fupi? Nilikuwa sijui. Nilikuwa sijamwona miaka saba.

"Siwezi kukusaidia hapo," mama akasema. "Nenda ukatazame."

Nikaamua kwenda Julai; tiketi niliikata wiki ileile. Lakini Julai ilikuwa mbali, nami sikuwa na subira, nikampigia dada simu ya video nikiwa bado nimekaa kwenye ile meza yenye wino. Alikuwa anachambua mchele uani.

"Dada, shikamoo. Geuka kidogo."

"Marahaba. Nigeuke wapi?"

"Kushoto. Vua na kilemba. Nataka kuona sikio lako."

Akanisogelea kwenye kioo mpaka nikaona pua tupu. "We mtoto," akasema, "huko Ulaya mmeanza kuugua nini?" Lakini alikuwa anacheka, na mkono wake ulikuwa tayari unafungua kilemba.